Kura ya Bangi na Kura ya Mimba: Askari Ataamuaje?

Ilikuwa mwezi Novemba 2024, siku chache baada ya Wamarekani kumchagua Rais wao, redio ya kantini moja ya askari hapa Kampala ilipoleta habari iliyowafanya watu wasahau chai yao. Msomaji wa habari alieleza kwamba katika jimbo la Florida wananchi hawakupewa karatasi za kuchagua viongozi peke yake, bali waliulizwa pia maswali mawili mazito. La kwanza, je, mtu mzima aruhusiwe kuvuta bangi kwa starehe yake? La pili, je, sheria izuiwe kumkataza mwanamke kutoa mimba kabla mtoto hajafikia umri wa kuweza kuishi nje ya tumbo la mama yake? Maswali yote mawili yalipata kura za "Ndiyo" zaidi ya nusu. Na yote mawili yalianguka.

Konstebo mmoja kijana, ambaye hajatimiza miaka mitatu tangu atoke chuo cha Kabalye, alimgeukia sajenti wake akamwuliza, "Afande, kama maswali hayo yangeletwa kwetu, wewe ungeweka alama wapi?"

Sajenti alitua kikombe chake. "Kijana, mimi ni mtu wa amri. Raia wakishaamua, nitaambiwa nimkamate nani na nimwache nani. Kura za namna hiyo hazinihusu."

Mwandishi wa makala haya alikuwa ameketi meza ya jirani, na kwa adabu hakuingilia mazungumzo ya watu. Lakini maneno ya sajenti yule yamemkaa moyoni hadi leo, kwa kuwa yanasemwa na askari wengi, wa polisi na wa jeshi, tena wanaosema hivyo ni watu wema wanaodhani kwamba ndiyo nidhamu yenyewe.

Kwanza tuiangalie Katiba yetu ya mwaka 1995. Ibara ya 59 inampa kila raia wa Uganda aliyetimiza umri wa miaka 18 haki ya kupiga kura, wala haikuandika pembeni kwamba mwenye sare ameondolewa. Ibara ya 208, inayozungumzia jeshi, inalitaka lisiegemee chama chochote, liwe la kitaifa, lenye nidhamu, na litii mamlaka ya kiraia. Kutoegemea chama ni jambo moja, na kutokuwa na kura ni jambo jingine kabisa. Askari hapandi jukwaani, havai fulana ya mgombea, wala hamwambii mkulima wa Luwero achague nani. Akifika mbele ya sanduku, hata hivyo, ni raia kama yule mkulima, na Ibara ya 68 inataka kura yake iwe ya siri, katika uchaguzi na katika kura ya maoni vilevile. Wazee wanakumbuka mwaka 1989, watu walipochagua kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea, kila jicho likiona nani amesimama wapi. Yamkini hakuna aliyeonja faida ya sanduku kuliko yule aliyewahi kusimama katika mstari mmoja na mkubwa wake wa kazi.

Kura ya swali, yaani kura ya maoni, si jambo geni katika nchi hii. Tangu uhuru tumeipiga mara tatu, na ile ya kwanza inawahusu askari kwa namna ambayo wengi wa vijana wa leo hawajaisikia.

Tarehe 4 Novemba 1964 watu wa Buyaga na Bugangaizi waliulizwa kama wanataka kubaki Buganda, au kurudi Bunyoro, au wawe wilaya ya peke yao. Sehemu hizo Waingereza walikuwa wamezikata kutoka Bunyoro na kuipa Buganda mwishoni mwa karne ya 19, ikiwa ni malipo ya msaada wa Buganda katika vita dhidi ya Mukama Kabalega. Kabla ya kura hiyo, Kabaka Mutesa II, ambaye wakati huohuo alikuwa Rais wa Uganda, aliwapeleka askari wastaafu wa Kiganda wakakae Ndaiga, karibu na Ziwa Albert, kwa shabaha ya kuongeza idadi ya wapiga kura wa upande wake. Walikuwa watu walioitumikia taji ya Uingereza katika vita, na sasa walihamishwa kama vile mtu anavyosogeza kete za bao. Serikali ya Waziri Mkuu Milton Obote ikaamua kwamba watakaopiga kura ni wale tu walioandikishwa katika sehemu hizo kwa uchaguzi wa mwaka 1962. Askari wa Ndaiga wakabaki na mashamba yao bila kura. Watu wakachagua Bunyoro kwa wingi mkubwa, na mwanzoni mwa mwaka 1965 Buyaga na Bugangaizi zikarudi zilikotoka. Uhasama uliozaliwa hapo kati ya Kabaka na Obote ni hadithi ndefu, na mwisho wake wa mwaka 1966 unajulikana katika kila nyumba ya Mengo.

Askari wale hawakuulizwa wana maoni gani juu ya Buyaga. Walihesabiwa tu. Ndiyo hatari ya askari asiye na maoni yake mwenyewe: wapo watu wengi tayari kumtungia.

Kura mbili zilizofuata zilihusu mfumo wa siasa. Tarehe 29 Juni 2000 zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga kura walitaka mfumo wa Movement usio wa vyama uendelee. Tarehe 28 Julai 2005 zaidi ya asilimia 92 walitaka vyama virudi, ingawa waliojitokeza hawakufika nusu ya walioandikishwa. Katika miaka mitano taifa lilitoa majibu mawili yanayopingana, na kila moja likapata wingi wa kutisha! Asiyeelewa atasema Waganda ni vigeugeu. Ukweli ni kwamba viongozi walewale walioomba mfumo usio wa vyama mwaka 2000 waliomba vyama virudishwe mwaka 2005, na wananchi wengi walitazama uso wa anayeuliza kuliko maneno ya swali.

Bangi na mimba hazijapata kuletwa mbele yetu kwa sanduku. Hapa Kampala mambo hayo yameamuliwa na Bunge na mahakama, na kwa upande wa bangi, jinsi yalivyoamuliwa yafaa kila askari aijue.

Sheria ya kudhibiti madawa ya kulevya iliyopitishwa na Bunge mwaka 2014 ilikuwa ndiyo silaha ya polisi dhidi ya bangi. Askari alikamata misokoto, akaifunga kama kielelezo, ikapelekwa Maabara ya Serikali pale Wandegeya, kisha hati ya mashtaka ikaandikwa kwa kifungu cha sheria ile. Tarehe 5 Mei 2023 Mahakama ya Katiba ikaibatilisha sheria yote. Kesi hiyo haikuletwa na wavuta bangi, ililetwa na chama cha wakulima na wafanyabiashara wa mairungi wa Wakiso. Wala majaji hawakusema kwamba bangi ni njema. Walisema kwamba siku Bunge lilipoipitisha sheria ile, haikuonekana kwamba akidi ilitimia, na Katiba inataka theluthi moja ya wabunge wenye haki ya kupiga kura wawemo ukumbini. Mashtaka yaliyoegemea sheria ile yakapoteza nguzo yake kwa sababu ya viti vitupu. Mwaka huohuo Bunge likaketi tena, likahesabu vichwa vyake, likapitisha sheria mpya inayoendelea kuikataza bangi isipokuwa kwa kibali, kama vile kilimo kwa ajili ya dawa.

Sheria ya mimba ni ya zamani zaidi, na ni ngumu zaidi kwa moyo wa mtu. Ibara ya 22 ya Katiba inasema kwamba hakuna mwenye haki ya kuukatisha uhai wa mtoto ambaye hajazaliwa, isipokuwa kwa namna itakayoidhinishwa na sheria. Hilo neno "isipokuwa" limekaa pale tangu 1995, na Bunge halijatunga sheria mahsusi ya kulieleza. Kilichopo ni Kanuni ya Adhabu iliyoachwa na Waingereza: anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria aweza kufungwa hadi miaka 14, mwanamke mwenyewe hadi miaka 7, anayetoa dawa au chombo akijua kitatumika kwa kazi hiyo hadi miaka 3. Kanuni hiyohiyo, mahali pengine, inamkinga daktari aliyepasua kwa nia njema na kwa uangalifu ili kuokoa maisha ya mama. Mwaka 2015 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kuwasaidia waganga kuujua mpaka huo. Viongozi wa dini wakaupinga, na mwaka uliofuata ukawekwa kando.

Sasa mfikirie konstebo wetu usiku, katika kaunta ya kituo. Analetwa msichana anayevuja damu, na nyuma yake yupo mwanamke mzee mwenye kikapu cha mizizi, na nyuma yao jirani anayepiga kelele kwamba wote ni wauaji. Kituo hakina daktari wala hakimu. Uamuzi wa kwanza, kwamba msichana apelekwe hospitali au aingizwe mahabusu, unafanywa na kijana mwenye cheo cha chini kuliko wote katika jengo lile. Vilevile bangi: mbunge hajui, wala padri hajui, wala shehe hajui, tofauti ya kijana aliyekutwa na msokoto mmoja mfukoni na tajiri aliyepakia magunia chini ya mkaa. Askari anajua, kwani amewaona wote wawili. Ndiyo maana maneno ya sajenti yule yalimsikitisha mwandishi. Ikiwa kuna raia ambaye maswali haya yanamhusu, ni yeye.

Kwa kuwa kwetu hayajaulizwa, hatuna budi kutazama yalikoulizwa, na mahali pa karibu ni kwa jirani yetu Kenya.

Tarehe 4 Agosti 2010 Wakenya waliipigia kura Katiba mpya. Rangi ya kijani ilikuwa "Ndiyo" na nyekundu "Hapana". Rais Mwai Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga waliongoza kijani. William Ruto, aliyekuwa waziri wakati ule, aliongoza nyekundu, na maaskofu wa makanisa mengi walikuwa upande huohuo wa nyekundu. Kilichowaudhi maaskofu kilikuwa hasa mambo mawili, mahakama za kadhi na Ibara ya 26. Ibara hiyo inasema uhai huanza mimba inapotungwa, kisha inasema kutoa mimba hakuruhusiwi isipokuwa mtaalamu wa afya aone kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa iruhusu.

Wahubiri walisema ibara ile inafungua mlango. Wengine walisema inaufunga, kwani inakataza kwanza na kuruhusu baadaye. Mtu angeweza kubishana mwezi mzima, lakini karatasi ya kura haikuuliza habari ya Ibara ya 26. Iliuliza kama mpiga kura anaikubali Katiba nzima, pamoja na magavana wake, ardhi yake, haki zake na mahakama zake. Mkatoliki wa Kisii aliyechukia utoaji mimba kwa roho yake yote lakini akataka serikali za kaunti, hakuwa na mahali pa kuandika "nakubali hili na nakataa lile". Asilimia 67 walisema Ndiyo, na kati yao bila shaka walikuwamo mamilioni waliosimama Jumapili kanisani wakiitikia amina kwa mahubiri ya kupinga.

Polisi wa Kenya nao walikuwa na kazi. Tarehe 13 Juni 2010 mabomu yalilipuka katika mkutano wa waliopinga, pale Uhuru Park, Nairobi, na watu wakafa. Askari aliyetumwa kuulinda mkutano wa nyekundu huenda moyoni alikuwa kijani. Aliulinda vilevile.

Wala kura haikuumaliza ubishi. Mwaka 2019 polisi wa Kilifi walimkamata msichana angali mgonjwa kliniki, pamoja na tabibu aliyemhudumia. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Malindi iliyafuta mashtaka hayo, rufaa zikafuata. Miaka 12 baada ya kijani kushinda, askari wa kaunta alikuwa bado anauliza maana ya maneno yaliyopigiwa kura.

Tukirudi Marekani, iliko redio yetu ilikoanzia, tunaona mitego mingine. Florida inataka mabadiliko ya katiba ya jimbo yapate asilimia 60. Bangi ilipata kama 56, mimba kama 57. Walio wengi walishindwa, si kwa wizi, ila kwa kanuni iliyowekwa kabla ya mchezo. Mtu aliyekaa nyumbani akisema "upande wetu una watu wengi" alikuwa amepiga hesabu ya nusu, na hesabu yenyewe ilikuwa ya sita kwa kumi.

Katika jimbo la Kansas, tarehe 2 Agosti 2022, swali lilipangwa hivi kwamba aliyetaka kuondoa ulinzi wa haki ya kutoa mimba alipaswa kusema "Ndiyo", na aliyetaka ubaki alipaswa kusema "Hapana". Asilimia 59 hivi walisema Hapana. Nebraska, mwezi Novemba 2024, iliweka maswali mawili juu ya mimba katika uchaguzi mmoja, moja likivuta huku na jingine likivuta kule. Likapita la kuzuia na likaanguka la kuruhusu. Siku hiyohiyo watu haohao wakairuhusu bangi kuwa dawa. Anayedhani kwamba mcha Mungu hupinga vyote viwili na mtu wa kisasa hukubali vyote viwili, hajui watu.

Na hapa askari apate la kujifikiria. Majimbo ya Colorado na Washington yaliihalalisha bangi kwa kura ya wananchi mwaka 2012. Askari wa jeshi la Marekani mkazi wa Colorado aliruhusiwa kuipigia kura, Ndiyo au Hapana, kama raia yeyote. Lakini akiivuta, hata sebuleni kwake katika jimbo lililoiruhusu, sheria ya kijeshi humfikisha mbele ya mahakama ya jeshi. Kura yake humfungulia jirani mlango ambao yeye mwenyewe haruhusiwi kupita, na hakuna ajabu ndani yake: anaamua kwa ajili ya nchi, kisha anaishi kwa kanuni za kikosi.

Hivyo basi, konstebo aliyeuliza swali lile anastahili jibu. Dini yake ina haki ya kusema naye, na mzazi wake pia, na alichokiona katika wodi ya Butabika miongoni mwa vijana walioharibiwa na ulevi nacho kina haki ya kusema. Mtu hana sababu ya kuiacha dhamiri yake nje ya kituo cha kupigia kura. Lakini dhamiri hujibu swali la "jambo hili ni jema au baya?", na karatasi ya kura huuliza swali jingine, "polisi, hakimu na mkuu wa gereza wafanye nini kwa mtu aliyelitenda?" Mtu aweza kuamini kabisa kwamba kutoa mimba ni dhambi, na bado akataka daktari wa Kawempe asiogope pingu anapomwokoa mama. Mwingine aweza kuona kwamba msokoto mmoja si kitu, na bado akaikataa sheria iliyoandikwa vibaya hata ikamfanya mwuza magunia kuwa mfanyabiashara wa halali. Aisome ibara yenyewe, siyo bango. Aulize kiasi gani cha kura kinahitajika, na "Hapana" inabakiza nini mahali pake, maana baada ya Hapana sheria ya zamani haifi, inaendelea kesho asubuhi. Tena asimwulize mkubwa wake aweke alama wapi. Mkubwa mwenye adabu hatajibu.

Kwetu njia ipo. Ibara ya 255 ya Katiba inawapa wananchi haki ya kudai kura ya maoni juu ya jambo lolote, kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Ibara ya 22, hata hivyo, haimo katika orodha ya zile ambazo hazibadilishwi mpaka wananchi waulizwe. Bunge laweza kuibadilisha kwa theluthi mbili ya wabunge wote, na Kanuni ya Adhabu kwa wingi wa kawaida. Humo bungeni jeshi lina wawakilishi wake, na askari polisi ana mbunge wa mahali alipoandikishwa, ambaye hana budi kumsikiliza kama anavyomsikiliza mwenye duka.

Pale kantini mazungumzo hayakuishia alipoyaachia sajenti. Konstebo alisisitiza, kwa heshima lakini bila kulegea: "Lakini afande, tuseme wameleta. Kesho asubuhi. Utafanyaje?"

Sajenti alinyamaza kitambo. Akasema kwamba juu ya bangi angeandika Hapana, kwa sababu ya ndugu yake mmoja ambaye hakutaka kueleza habari zake. Juu ya mimba alitikisa kichwa. "Ile siwezi kusema hivi hivi," alisema. "Waniletee kwanza karatasi yenyewe, niisome." Kisha akavaa kofia yake, kwani zamu ya saa mbili ilikuwa imewadia.